Honda C70 ya 1978: ikipanda mlima klachi inateleza, ikisimama kwenye taa inajisogeza. Nianzie wapi?

#1 Mrithi_wa_C70
Habari wadau. Nina Honda C70 ya mwaka 1978, ile ya volti 6 na platini (kile kifaa kinachokatiza umeme ili plagi itoe cheche). Ilikuwa ya marehemu baba. Alikuwa akienda nayo shuleni kufundisha, mimi nimesimama mbele yake pale katikati penye nafasi, nimeshika usukani pamoja naye. Imelala kwenye stoo miaka 11 na mwaka huu nimeirudisha barabarani.

Shida ni hii. Asubuhi ikiwa baridi haina neno. Natoka South B, hapa Nairobi, hadi mjini vizuri. Nikianza kupanda Valley Road injini ikiwa imeshapata moto, resi inapanda, sauti inakuwa kama cherehani, lakini mwendo hauongezeki. Nikirudisha gia ya pili inashika kidogo halafu inaachia tena. Nikifika juu na kusimama kwenye foleni, gia ya kwanza imeingia na mkono umeachia resi kabisa, pikipiki inajisukuma mbele. Lazima niishike kwa breki. Mara mbili imezima.

Kinachonichanganya: klachi inayoteleza ni klachi isiyoshika, na klachi inayojisogeza ni ile isiyoachia. Hii yangu inafanya yote mawili siku moja. Inawezekanaje?

Kwa wasioifahamu, pikipiki hii haina levi ya klachi mkononi. Klachi inajiendesha yenyewe, wewe unakanyaga gia tu.

#2 Boxer_Kayole
Pole kaka. Toa hiyo injini, weka ya Kichina ya 110 ya kulala kama hiyo. Inakaa kwenye bolti zile zile mbili. Jumamosi moja kazi imekwisha.

#3 Mrithi_wa_C70
Asante, lakini hapana. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri hivyo hivyo. Injini hii ndiyo baba aliyoikanyaga kiki kila asubuhi. Nikiitoa nitabaki na fremu tu.

#4 Babu_Platini
Hapo umenena, mwanangu. Usiitoe.

Kabla hujagusa spana, tuambie umeweka oili gani. Klachi ya hiyo Honda inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Imekaa kwenye ncha ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, upande wa kulia. Ndani kuna vizito vinavyorushwa nje injini ikizunguka kwa kasi, na vikirushwa vinabana pleti pamoja. Resi ikishuka, springi ndogo zinavirudisha na pleti zinaachana. Kwa hiyo kushika na kuachia kunategemea vitu viwili, mzunguko wa injini na hali ya pleti zenyewe. Oili ikiwa siyo, vyote vinaharibika.

#5 Mrithi_wa_C70
Mzee shikamoo. Nimeweka 5W-30 ya gari. Ilibaki rafiki yangu alipofanyia gari lake sevisi. Ni oili mpya, ya bei, sikuona ubaya.

#6 Babu_Platini
Marahaba. Basi tumeshaanza kuona mlango.

Oili nyingi nyepesi za magari ya siku hizi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwa gari ni neema. Klachi inayolowa inaishi kwa msuguano, sasa ukiupunguza unategemea ishike na nini? Wajapani waliliona hili, ndiyo maana tangu 1998 kuna kipimo cha JASO. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta zenye klachi kavu, iache dukani. Mwaga hiyo ya gari, tia ya pikipiki, 10W-30 au 10W-40, tembea wiki moja ndipo urudi hapa.

Injini ikiwa kavu kabisa inachukua lita 0.8. Ukipima, kile kijiti usikifunge kwa kukizungusha, kiegemeze tu kwenye tundu. Ukikifunga utaona oili imejaa kumbe haijajaa.

#7 Spana_Kumi
Kwa heshima zote kwa Mzee Platini, mimi nimeendesha C90 kwa oili ya gari ya 20W-50 miaka mingi, Nairobi hadi Machakos, na haijateleza hata siku moja. Oili nayo isisingiziwe kila kitu.

Nafikiri ni marekebisho. Kwenye kifuniko cha kulia cha injini kuna nati ya spana 10, katikati yake kuna skrubu. Legeza nati, zungusha skrubu kinyume cha saa mzunguko mmoja, halafu ifuate saa hadi iguse, kaza nati. Dakika tano. Mtu aliyeifungua injini zamani akikosea hapo, klachi inabaki imesukumwa nusu: haishiki vizuri na haiachii vizuri. Mwenye uzi anauliza inawezekanaje yote mawili. Jibu ni hilo.

#8 Dada_Nati
Spana_Kumi, umegeuza. Mrithi, tafadhali usiifanye kama ilivyoandikwa hapo juu.

Legeza nati ya 10. Zungusha skrubu KUFUATA saa kama mzunguko mmoja, usizidishe. Kisha irudishe KINYUME cha saa polepole hadi uhisi uzito kidogo kwenye bisibisi. Ukiuhisi tu, simama. Halafu ifuatishe saa tena sehemu moja ya nane ya mzunguko. Ishikilie hapo hapo kwa bisibisi ukikaza nati, maana ukiiacha itazunguka na nati.

Ile moja ya nane ndiyo nafasi yake ya kupumua. Ukiinyima, klachi inakuwa kama mtu anayeendesha huku ameegemeza mguu kwenye pedali.

#9 Spana_Kumi
Kweli dada. Nimeenda kuishika yangu sasa hivi gizani, umesema sawa. Asante. Mrithi fuata ya Dada_Nati.

#10 Msafiri_Limuru
Naingia na langu. Mna hakika ni klachi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini inapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake hata ikiwa mpya. C70 ni cc 72 tu. Ukiibebesha mtu mzima ipande Valley Road kwa gia ya tatu itachoka tu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikabadilisha jeti kuu kwenye kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli, nikaweka ndogo kidogo, nikasafisha platini, ikapata uhai. Sasa inanifikisha Limuru, na kule ni juu kuliko mjini.

#11 Babu_Platini
Msafiri, soma tena #1. Amesema resi INAPANDA na mwendo hauongezeki. Injini iliyokosa nguvu haipandishi resi, inazama na sauti inakuwa nzito. Sauti ikipanda huku gurudumu limebaki nyuma, kuna kitu katikati kinateleza.

#12 Msafiri_Limuru
Sawa mzee, hilo nimelipokea. Jeti aiangalie tu hata hivyo.

#13 Boxer_Kayole
Klachi za kujiendesha zote ni sawa, ni viatu vinavyofunguka ndani ya kikombe kama vya skuta. Vikiisha unanunua viatu. Na hizi Honda zimetoka 1952, mnategemea nini jamani?

#14 Dada_Nati
Mawili hapo, kaka.

Kwanza, skuta yenye mkanda ina viatu vikavu vinavyosugua kikombe. C70 ina pleti, tena zinalowa oili. Pleti za kushika zinapangwa kwa zamu na za chuma kama chapati na sahani. Huwezi kununua viatu vyake kwa sababu haina.

Pili, ya 1952 ilikuwa Cub F. Hiyo haikuwa pikipiki kamili, ilikuwa injini ndogo nyekundu yenye tangi jeupe, unaifunga kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yako ya kawaida. Super Cub yenyewe, C100, ilitoka 1958 ikiwa na cc 49. C70 zikaja baadaye. Na hazijaisha: mwaka 2017 walitimiza Super Cub milioni 100 tangu ya kwanza. Hakuna chombo kingine cha injini kilichotengenezwa kwa wingi huo.

#15 Boxer_Kayole
Milioni mia! Nimekaa chini.

#16 Kijana_Ngara
Dada_Nati, ni kweli kwamba klachi ya mkono iliondolewa kwa ajili ya watu wa kupeleka chakula?

#17 Dada_Nati
Ndivyo inavyosimuliwa. Soichiro Honda alitaka kijana wa mkahawa wa tambi aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia. Ukiangalia, levi ya klachi ingekuwa upande wa kushoto, na upande huo wameuacha bure. Resi na breki ya mbele viko kulia.

#18 Mama_wa_Mkate
Mimi nimecheka kwa furaha. Marehemu mume wangu alipeleka mikate Eastlands kwa C50, kreti moja nyuma na mkono wa kushoto umeshika mfuko wa maziwa. Sikujua kwamba ilitengenezwa makusudi kwa ajili hiyo. Endeleeni wanangu, nawasoma.

#19 Mrithi_wa_C70
Mama, asante kwa hilo.

Nimerudi na ripoti. Nimemwaga oili ya gari, nimetia 10W-40 yenye JASO MA. Nimerekebisha skrubu kama alivyosema Dada_Nati. Kumbe ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Nilipoizungusha kufuata saa haikwenda hata robo, nikaanza kwa kuirudisha ndipo nikaipata ile sehemu yenye uzito.

Siku nne sasa. Valley Road imepungua kuteleza, labda nusu. Inaanza kuteleza nikiwa karibu kumaliza mlima, zamani ilikuwa inaanza mwanzoni. Lakini kujisogeza kwenye taa kuko pale pale. Injini ikiwa baridi hakuna, ikipata moto inaanza.

#20 Babu_Platini
Nusu ni ya oili.

#21 Spana_Kumi
Nusu ni ya skrubu, mzee. Amefanya vyote siku moja, tutajuaje?

#22 Babu_Platini
Hapo umenibana. Angefanya kimoja kimoja.

#23 Dada_Nati
Mrithi, nakupa majaribio mawili. Hayahitaji kufungua kitu.

La kwanza: ukiwa kwenye taa, moto umepanda, gia ya kwanza, inajisogeza. Kanyaga pedali ya gia kwa mbele na uishikilie hapo chini, usiiachie. Pedali ikiwa chini inaisukuma klachi iachie kwa nguvu, kama vile ungebana levi ya mkono. Ikitulia kabisa, pleti zinaachana vizuri, kosa ni resi ya kusimama kuwa juu au zile springi ndogo kuchoka. Ikiendelea kusukuma, pleti zenyewe zimegandana.

La pili: injini ikiwa imezimwa na ina moto, sukuma kiki polepole kwa mkono. Sikiliza kama injini inazunguka au kiki inashuka bure. Kiki ya C70 inapitia kwenye klachi hiyo hiyo. Ndani kuna meno yaliyojipinda kama skrubu, nguvu ikija kutoka upande wa gurudumu au kiki yanasukuma pleti zibanane. Ndiyo maana hata ukishuka mlima injini inasaidia kuzuia mwendo.

#24 Mrithi_wa_C70
Kiki haitelezi. Inageuza injini kila mara, baridi au moto.

Pedali: ikiwa na moto, nikiikanyaga na kuishikilia, msukumo unapungua lakini hauishi. Nikiachia breki inasogea kama mtoto anayetambaa.

#25 Spana_Kumi
Resi ya kusimama iko ngapi? Inatakiwa kama mizunguko 1,500 kwa dakika. Ikipanda hadi 2,000 na zaidi, vile vizito vinaanza kurushwa na klachi inaanza kushika, hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Na resi inayopanda injini ikipata moto ina sababu yake: hewa inaingia kinyemela kati ya kabureta na kichwa cha injini. Pale kuna kipande cheusi kigumu na mpira wa duara. Mpira ukikauka miaka 11 stoo, ukipata moto unafunguka. Nyunyizia maji kidogo pale injini ikinguruma. Sauti ikibadilika umempata mwizi.

Msinyunyizie petroli kama nilivyoona watu wakifanya. Kuna kijana tunayemjua aliunguza mkono mzima.

#26 Kariobangi_Juakali
Nimesoma yote kimya, sasa naomba niongee kwa sababu hizi nimezifungua nyingi.

Hakuna mtu ametaja bakuli la klachi. Masikio ya pleti yanapanda na kushuka kwenye mifereji ya lile bakuli. Miaka 40 ya kupigwa na masikio hayo, mifereji inachimbika vishimo kama ngazi. Pleti ikitaka kusogea inakwama kwenye ngazi. Resi ikipanda inakwama kabla haijabanwa vizuri: inateleza. Resi ikishuka inakwama kabla haijaachia: inajisogeza. Hapo ndipo yote mawili yanapokutana, na oili haihusiki hapo, wala skrubu.

Ukifungua: toa kiki, toa chuma cha kukanyagia, toa sailensa, mwaga oili. Skrubu za kifuniko zina kichwa cha msalaba cha Kijapani, bisibisi ya kawaida inazitafuna. Tafuta bisibisi ya kupigwa nyundo. Kifuniko kikitoka, shikilia kile kikombe chenye vigololi na ile levi ndogo, piga picha kabla hujagusa chochote. Pale katikati kuna kipande kidogo chenye springi, ndicho kinachopeleka oili kwenye krenki. Ukikisahau mezani utaua injini.

Lile bakuli pia ndilo chujio la oili. Linavyozunguka linatupa uchafu ukutani mwake. Kama halijasafishwa miaka mingi utakuta tope.

Nati ya katikati ina pengo nne, soketi ya kawaida haiingii. Mimi nilikata soketi kuukuu kwa grainda nikaacha meno manne. Usiipige kwa patasi, ni krenki hiyo unaipiga.

#27 Kijana_Ngara
Na unazuiaje krenki isizunguke ukifungua nati?

#28 Kariobangi_Juakali
Ndururu. Ile senti tano ya zamani yenye tundu katikati. Unaiweka kati ya meno ya gia ndogo na kubwa, yanaibana na kusimama. Ni laini kuliko gia, inaumia yenyewe na gia zinabaki salama. Nina ndururu tatu kwenye boksi la spana, zote zina alama za meno.

#29 Boxer_Kayole
Wengine tulizitungia uzi tukachezea, kumbe ni vifaa vya kazi.

#30 Wa_Kikuyu_Town
Jamani, breki ya nyuma je? Yangu ilikuwa inakaza ikipata moto, pikipiki haiendi.

#31 Babu_Platini
Breki ikikaza injini inazama, na kwenye taa haiwezi kujisogeza. Kwake si breki. Lakini umenikumbusha jambo. Mrithi, chora mstari wa chaki uanzie kwenye sproketi ya nyuma uingie kwenye habu, mmoja tu ulionyooka. Chora mwingine kwenye sproketi ya mbele na shafti yake. Panda Valley Road mara moja. Mistari ikiachana, kinachoteleza kiko huko nje na utakuwa umejiepusha na kazi ya kufungua injini.

#32 Mrithi_wa_C70
Chaki ya nyuma na ya mbele, zote zimebaki zimenyooka.

Nimenyunyizia maji pale kwenye kabureta: sauti ilishuka kidogo, halafu ikarudi. Kidogo sana, sijui kama ni kitu. Resi sina mita ya kuipimia, kwa sikio naona iko juu ikipata moto.

Nimeamua kufungua. Jumapili.

#33 Spana_Kumi
Sauti ikishuka hata kidogo hewa inaingia! Badilisha ule mpira kwanza, ni wa shilingi chache. Usifungue.

#34 Kariobangi_Juakali
Fungua. Miaka 40 na zaidi, hata kama si tatizo, lile tope litoke.

#35 Mrithi_wa_C70
Nimefungua. Naandika mikono ikiwa bado inanuka oili.

Soketi nilikatiwa Kariobangi (si kwako Juakali, sikukupata, ni kwa jirani yako nadhani). Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa zimeshatafunwa na mtu kabla yangu. Ndururu niliikuta kwenye kopo la misumari la baba. Ilikuwa na alama za meno tayari. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Sikujua kwamba alikuwa akifungua hii injini mwenyewe.

Ndani ya bakuli kulikuwa na tope jeusi, zito kama gundi, limejaa ukutani unene wa ukucha. Nililikwangua kwa kijiti cha mbao, mle ndani kulikuwa na vumbi linalong'aa kama fedha.

Pleti za kushika ni mbili. Nimezipima kwa venia, kile kipimo cha unene: moja ina milimita 3.1, nyingine 2.9. Mpya niliyonunua inasoma 3.5. Ya 2.9 imekuwa ngumu na inang'aa kama kigae. Pleti ya chuma iliyo kati yao ina madoa ya bluu upande mmoja. Mifereji ya bakuli ina vishimo, ukipitisha kucha inakwama, lakini si vikubwa kama nilivyotishwa.

Kwa hiyo ni ipi?

#36 Dada_Nati
Bluu! Hiyo imeungua. Ilaze juu ya kioo cha dirisha, ibonyeze kwa kidole pembeni. Ikicheza kama sufuria iliyopinda chini, ndiyo hiyo. Pleti ya chuma iliyopinda haigusani na mwenzake uso mzima, kwa hiyo inateleza, na resi ikishuka haiachii uso mzima, kwa hiyo inasukuma. Na inapinda zaidi ikipata moto. Inaeleza dalili zako zote, hata ile ya asubuhi kuwa nzima.

#37 Babu_Platini
Iliungua kwa nini, dada? Kwa sababu ilikuwa inateleza kwenye oili ya gari. Tunarudi pale pale.

#38 Spana_Kumi
Au iliteleza kwa sababu skrubu ilikuwa imekazwa hadi mwisho, kwa maneno yake mwenyewe #19.

#39 Kariobangi_Juakali
Au ilikuwa imekwama kwenye vishimo. Chukua tupa ndogo ya bapa, lainisha mifereji kwa adabu. Usikate, ondoa tu kingo zilizoinuka.

#40 Dada_Nati
Hapo kwenye tupa sikubaliani nawe, kaka. Ukiongeza upana wa mfereji, sikio linapata nafasi ya kupiga kwa nguvu zaidi, na mwakani vishimo vitarudi vikubwa. Kama vimezidi abadilishe bakuli.

#41 Kariobangi_Juakali
Bakuli la asili la C70 ulipate wapi Nairobi hii, dada? Nitajie duka nami niende kesho.

#42 Fundi_wa_FR80
Mimi nina Suzuki FR80, ya mipigo miwili (two-stroke). Kwetu oili ya gia iko peke yake, haichanganyiki na ya injini, kwa hiyo klachi inabaki safi na hayo matope hatuyajui.

#43 Babu_Platini
Na moshi wenu je, majirani wanaujua?

#44 Fundi_wa_FR80
Wanaujua, mzee. Wananijua kabla sijafika.

#45 Kijana_Ngara
Mrithi, hizo pleti mpya umenunua wapi? Mimi nilinunua Kirinyaga Road, duka silitaji, zimefungwa kwenye boksi zuri kabisa. Zilipolowa oili na kupata moto zikavimba, klachi ikashika moja kwa moja. Kiki haikushuka tena. Wiki mbili tu. Sasa kabla sijanunua nalinganisha na ya zamani: naangalia kama utando umebanwa sawasawa hadi ukingoni na kama masikio yamekatwa safi. Za bandia zina ukingo wenye makapi.

#46 Mrithi_wa_C70
Nilinunua huko huko. Nimeziangalia kwa tochi, ukingo ni safi. Moja ina doa dogo la gundi. Nizitumie?

#47 Dada_Nati
Ziloweke kwenye oili mpya usiku mzima kabla ya kuzifunga, utafanya hivyo hata zingekuwa za asili. Asubuhi zipime tena kwa venia. Zikibaki 3.5 zifunge. Zikiongezeka, rudisha dukani.

#48 Mrithi_wa_C70
Asubuhi: 3.5 na 3.5.

Pleti ya chuma kwenye kioo: inacheza. Kidogo, kama karatasi mbili hivi zinapita chini yake. Nyingine sijapata, nimeifunga hiyo hiyo kwa sasa. Mifereji nimeigusa kwa tupa mara tatu tatu kila upande, si zaidi (samahani Dada_Nati). Mpira wa kabureta nimebadilisha. Tope lote limetoka. Skrubu nimeirekebisha upya.

#49 Spana_Kumi
Umebadilisha vyote kwa pamoja tena!

#50 Mrithi_wa_C70
Najua. Sikuweza kusubiri.

Nimetoka nayo jioni hii. South B, Uhuru Highway, Valley Road. Gia ya tatu hadi nusu ya mlima, ya pili hadi juu, haikuteleza hata mara moja. Sauti ni ile ile nzito niliyokuwa naisikia nikiwa nimesimama mbele ya baba.

Pale juu kwenye foleni, moto umepanda, gia ya kwanza, nimeachia breki. Inasogea. Si kama zamani, inasogea upana wa kiganja, inasimama, inasogea tena. Nikishikilia pedali chini inatulia kabisa sasa.

#51 Dada_Nati
Ni ile pleti iliyopinda.

#52 Spana_Kumi
Inatulia pedali ikiwa chini, kwa hiyo pleti zinaachana. Ni resi. Punguza skrubu ya kabureta robo mzunguko ikiwa na moto, uniambie.

#53 Kariobangi_Juakali
Springi ndogo hukuzipima urefu ulipofungua?

#54 Mrithi_wa_C70
Sikuzipima.